Barua Elfu Sita za Chelimo

Jumatatu, 10 Machi

Mvua kubwa imeanza jana na mimi nimeanza kuandika leo. Daftari hili nimenunua Litein, lile la kurasa mia mbili, kwa sababu mambo ni mengi.

Mimi ni Bot Chelimo, yaani mama yake Chelimo. Jina langu lingine lipo kwenye kitambulisho na huko ndiko linakaa. Shule niliacha darasa la saba, lakini mtoto wangu amemaliza chuo kikuu, kasomea kompyuta, na wiki iliyopita ushirika wetu wa majani chai umemchukua kazi katika ofisi ya Litein. Ni kazi ya majaribio. Tarehe 30 Juni wataamua kama anaandikwa kabisa au anarudi hapa nyumbani tuchume majani naye. Nataka siku zote ziandikwe, ndiyo akiandikwa mtu asiseme ilikuwa bahati.

Kazi yenyewe ni hii. Wakulima tuko elfu sita na mia mbili. Zamani tulikuwa tunaletewa meseji kwa simu, lakini matapeli wakaanza kutuma za uongo, watu wakachuma siku ambayo lori halikuja. Sasa kila alfajiri ofisi itatuma barua pepe kwa kila mkulima: leo lori litafika kituo gani, saa ngapi, na barabara gani imekatika. Barua zinatoka kwa mashine inaitwa seva. Iko kwa chumba cha kufuli na ufunguo uko na Chelimo.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Baba Chelimo amepiga simu kutoka Chebunyo, ako huko na ng'ombe wa ndugu yake. Ameuliza habari ya mvua tu. Nilimweleza habari ya Chelimo bila kuulizwa.

Jumanne, 18 Machi

Leo barua za Chelimo zimetoka mara ya kwanza. Yangu ilifika saa kumi na moja alfajiri na dakika tatu, nikaisoma mara mbili kitandani, halafu nikabeba simu mpaka kituoni, namba 17, nikaisomea watu kwa sauti. Niliwaambia elfu sita zimetoka mara moja kama maji ya mfereji. Wanawake walipiga makofi kidogo.

Rodah peke yake hakupiga. Rodah ni jirani yangu, shamba kwa shamba, na kijana wake Gibson ako Nairobi anafanya kazi ambayo hakuna mtu amewahi kuelewa. Alisema yake haijafika. Nikamwambia pengine simu yake imezeeka. Akasema simu hiyo alinunuliwa na Gibson Krismasi. Nikaisoma yangu tena kwa sauti.

Alhamisi, 27 Machi

Sielewi. Barua yangu inafika mapema, lakini watu wengi wa kituo chetu wanapata saa nne, saa tano, wengine kesho yake. Leo lori halikufika kituo 22 kwa sababu daraja limejaa, na waliokosa barua walichuma. Majani yalikaa ndani ya magunia mpaka yakashika joto, yakawa mekundu, yakamwagwa. Mtu aliyechuma tangu saa moja kwa mvua anamwaga majani yake mwenyewe kwa mtaro. Na wanaponiona wananiuliza mimi, si walishajua ni mtoto wa nani.

Jioni nilimuuliza Chelimo. Alikuwa amechoka, lakini alinieleza polepole. Katika hao elfu sita, elfu tano wana anwani zao kwa kampuni moja kubwa ya ng'ambo. Kampuni hiyo haikubali barua nyingi kwa mara moja kutoka kwa mtumaji mmoja. Ina kiasi chake kwa dakika. Ukizidisha, inakuambia rudi baadaye. Seva yetu ikiambiwa hivyo inarudi baada ya dakika moja, inaambiwa tena, inarudi tena, na inafanya hivyo kwa kila barua.

Nikamwambia sasa hao watu wa ng'ambo wana wivu gani na wakulima wa Litein. Alicheka. Mimi sikuwa nacheka.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo nimejua kuna mtu anaitwa Nyamwange. Ni mzee wa Nyamira, amekaa na mitambo ya ushirika miaka kumi na minane, na Chelimo yuko chini yake. Huyu Nyamwange amemwambia mtoto wangu apunguze mwendo. Barua ishirini kwa dakika moja, basi, na ikikataliwa seva ingoje robo saa kwanza, halafu nusu saa, halafu saa nzima. Chelimo ameandika hizo amri ndani ya seva na anasema sasa hazikataliwi.

Ndiyo, hazikataliwi. Lakini nimepiga hesabu nyuma ya daftari: elfu tano, ishirini kwa dakika, ni saa nne na zaidi. Zikianza saa kumi alfajiri, wa mwisho anapata saa mbili. Saa mbili mimi niko katikati ya shamba na kikapu kimejaa nusu.

Mtoto anaweza kutuma elfu sita mara moja, wewe unamfunga breki.

Jumatano, 9 Aprili

Rodah ameniambia kitu kituoni, ati kwa huruma. Nyamwange ana mtoto wa dada yake, Velma, naye pia amesomea kompyuta. Ati aliomba kazi hiyohiyo.

Sasa naelewa breki.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nilisimama kanisani nikashukuru kwa ajili ya Chelimo. Mchungaji aliniomba nifupishe.

Jumanne, 22 Aprili

Nimefanya jambo na nimefurahi nimelifanya.

Meneja wa ushirika ni mzee Hezekiah, mtu wa kanisa letu, mtaratibu, anayependa kila mkulima atendewe sawa na mwenzake. Miaka ya nyuma kuna vituo vilikuwa vinapata habari ya lori kabla ya vingine, watu karibu wapigane, ndiyo akaweka sheria kwamba barua ni moja, kwa wote, wakati mmoja. Leo nimeenda kwake nyumbani na kibuyu cha mursik, yaani maziwa ya mgando, yale nimeyatengeneza vizuri na makaa ya mti wa senetwet, maana huwezi kuingia kwa mzee mikono mitupu. Tulikunywa. Nikamwambia mtoto wangu ana uwezo wa kufikishia wakulima wote barua kabla ya saa kumi na mbili, ila kuna mtu anamzuia, na mtu huyo ana Velma wake. Nilimpa neno langu. Saa kumi na mbili, elfu sita, wote.

Mzee alimimina kikombe kingine. Akasema kama ni hivyo, kesho atatoa amri breki itolewe.

Chelimo sijamwambia. Atafurahi mwenyewe.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo haikufika hata barua yangu.

Ijumaa, 25 Aprili

Bado. Mvua imenyesha tangu jana mchana bila kupumua. Barabara ya kituo 9, ya 22, ya 30, zote matope. Hakuna aliyejua. Watu wamechuma vituo kumi na moja na majani yote yameharibika. Hapa 17 tulikaa na magunia mpaka saa kumi jioni. Kulikuwa na harufu ile ya majani yanayojipika. Mama mmoja mzee wa mteremko wa chini alikalia gunia lake akalia bila sauti.

Waliondoka wote pamoja, mimi nikarudi peke yangu.

Jumamosi, 26 Aprili

Barua zimeanza kupita tena leo mchana. Breki ilipotolewa, kampuni ya ng'ambo ilifunga mlango kabisa, siku mbili. Haikuwa tena rudi baadaye. Ilikuwa hatuwajui.

Jumatatu, 28 Aprili

Chelimo amepewa barua ya onyo. Imeandikwa, imepigwa muhuri, imewekwa kwa faili lake. Nyingine kama hiyo na anaenda nyumbani hata kabla ya Juni.

Aliingia jikoni na koti la mvua bado mwilini.

"Yeiyo," akasema, maana ndivyo anavyoniita mama yake, "ni wewe ulienda kwa meneja?"

Nilikuwa nakanda unga. Nikasema nilienda kumsalimia tu.

"Ulimwambia nini?"

Nikamwambia nilichosema. Nilisema vizuri, nikaongeza habari ya Velma ili aone namna nilivyomtetea. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya, angenikatiza ningejua pa kushika.

"Velma ameandikwa hospitali Kericho tangu mwaka jana," akasema. "Hajawahi kuomba kazi yangu. Na ile breki, yeiyo, si Nyamwange aliyeitaka. Mimi ndiye nilimuuliza nifanye nini, akanionyesha. Meneja alipoleta amri nilimwambia itatufungia mlango. Akaniambia mama yako amenihakikishia."

Akatoka akaenda kulala bila kula.

Ijumaa, 2 Mei

Anasalimia, anakula, anasema asante. Anaongea nami kama mgeni wa heshima. Ningependa anitukane.

Jumanne, 6 Mei

Lazima niandike hii ingawa ni aibu.

Karani wa kituo chetu ni Kimutai, kijana mkali lakini wa haki. Leo ameshika majani yangu akaona magumu, akaniambia nikachambue kwa meza halafu nirudi nyuma ya mstari. Kila mtu anajua mimi huwa sirudi nyuma. Nilitoa majani matatu ya juu nikamwekea kikapu mbele tena. Akakataa. Nikatoa mengine mawili, nikamwekea. Akakataa. Mara ya nne akasimama. Alifunika mizani na turubai akaingia kwa chumba chake akafunga mlango. Wanawake thelathini nyuma yangu, na mvua.

Rodah alisema, "Sasa umetufungia wote, Bot Chelimo."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuambia kamba ya ng'ombe imefunguka. Nikasimama hapo na kikapu, maji yakiingia shingoni, nikaona ndivyo seva yenyewe ilivyokuwa inafanya. Inakataliwa, inarudi. Inakataliwa, inarudi. Na Kimutai hakuwa na wivu wowote. Ana mizani moja na mikono miwili.

Nikaenda kuchambua, jani kwa jani, nikasimama nyuma ya mtu wa mwisho. Nilichukua saa moja na nusu. Nilikasirika dakika zote hizo.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeenda Litein kumtafuta Nyamwange. Nilifikiri nitakuta jitu. Ni mzee mfupi ana kikohozi, na sweta yake imeshonwa kiwiko kwa uzi wa rangi nyingine. Nilikuwa nimepanga maneno, yakanitoka vibaya, lakini nilisema yote: nilikusingizia kwa meneja, na habari ya Velma nilipewa na mtu nami nikaila mbichi.

Alipangusa miwani.

"Mama Chelimo," akasema, "mimi nilikuwa nashangaa kwa nini huko 17 mnaniangalia hivyo. Nilifikiri ni kwa sababu ya ndizi."

Nikauliza ndizi gani. Akasema kuna mwaka alituuzia ndizi za kwao zikakataa kuiva. Kumbe ni yeye. Nilikuwa nimesahau.

Halafu akasema Chelimo ndiye mtu wa kwanza katika miaka kumi na minane aliyemuuliza kabla ya kugusa. Niliomba ruhusa nikatoka nje kidogo. Niliporudi nikamwambia twende kwa Hezekiah. Tulienda wote wawili, nikamwambia mzee mbele yake kwamba neno nililompa lilikuwa la kinywa changu tu, mtoto hakujua. Mzee alinishukuru. Lakini barua ya onyo haitoki kwa faili, alisema, kwa sababu majani ya watu yalimwagwa kweli.

Alhamisi, 15 Mei

Breki imerudi, barua hazikataliwi, lakini wa mwisho bado anapata saa mbili. Watu wanalalamika kituoni na mimi nawaambia ni kweli. Hiyo ni mara ya kwanza.

Jioni Chelimo alikuwa na karatasi mezani, amechora mistari. Nilimuuliza ni nini, akafikiri kwanza kama anijibu. Akasema kiasi cha kampuni hakibadiliki, hata akilia. Kinachoweza kubadilika ni wakati wa kuanza. Zikianza jioni, wote watapata kabla ya kulala. Lakini jioni hujui barabara gani itakatika usiku.

Nikamwambia nyingine unajua.

Akainua kichwa.

Nikamwambia barabara za kituo 1 mpaka 8 ni lami, hazijakatika tangu nizaliwe. Kumi na mbili ina kifusi kizuri. Kumi na tisa inakatika hata mtu akimwaga maji ya kuosha vyombo. Nimebeba majani kwa hizo barabara miaka thelathini, kichwani, kabla ya vituo vingine kujengwa. Nikaanza kutaja, yeye akaandika. Vituo vyote arobaini na moja, mpaka chai ikapoa. Vya matope kabisa ni saba tu, watu mia tisa katika wale elfu tano wa kampuni ya ng'ambo. Akapiga hesabu: mia tisa kwa ishirini, dakika arobaini na tano.

"Hao ndio wa alfajiri," akasema. "Madereva wakishaangalia barabara. Wengine wote jioni."

Aliniangalia kama zamani. Halafu akakumbuka, akarudi kwa karatasi.

Jumatano, 21 Mei

Mkutano wa wajumbe wa vituo. Chelimo alieleza vizuri sana, lakini ilikuwa kama nilivyoogopa. Mjumbe wa kituo 30, mzee Zack, alisimama akauliza kwa nini watu wa lami wajue mambo ya lori jioni na watu wa matope wajue asubuhi. Wakulima si ni sawa? Makofi. Mzee Hezekiah aliinamisha kichwa, maana hiyo ilikuwa sheria yake mwenyewe.

Mimi si mjumbe. Nilikuwa mlangoni na mwavuli. Niliahidi Chelimo sitasema kitu, na nilikuwa nimeng'ata ulimi tangu maombi ya kufungua. Nikamwangalia. Akaniangalia pia, halafu akasogeza kidevu kidogo, kunipa ruhusa.

Nikasema, "Mzee Zack, wewe ukiambiwa jioni utaambiwa uongo. Barabara yako yenyewe haijui italalaje. Afadhali uambiwe asubuhi kitu cha kweli kuliko jioni kitu cha kukupendeza. Mimi wa 17 pia niko kwa matope, nitangoja na wewe."

Sikuongeza. Nilikuwa na mengi ya kuongeza kuhusu chuo kikuu.

Zack aliuliza wenzake wanasemaje. Wakapitisha.

Jumatatu, 26 Mei

Mpango umeanza. Yangu imefika saa kumi na moja na dakika thelathini na nane. Lori lilikuja saa tano kama ilivyoandikwa.

Jumanne, 3 Juni

Hakuna barua iliyopotea.

Alhamisi, 12 Juni

Mvua inapungua, imebaki ile ya mchana. Kituoni hakuna mtu anataja barua tena. Wakizikosa walikuwa wananiuliza mimi. Sasa zinafika, wanaongea habari ya harusi. Nilimlalamikia Chelimo kwamba hakuna hata mmoja amesema asante. Akasema seva ikiwa sawa ndivyo inakuwa. Mimi naona ni kazi mbaya hiyo, kazi ambayo watu wanaijua siku ikiharibika.

Alhamisi, 19 Juni

Rodah aliniuliza kama Chelimo ataandikwa. Nikasema tunangoja. Alishangaa jibu lilikuwa fupi hivyo, akanipa mboga.

Jumatatu, 30 Juni

Alifika saa kumi na moja na nusu jioni. Alitundika koti, akaketi, akaniambia bila kuzunguka. Hawajamwandika. Hawajamfukuza pia. Majaribio yanaongezwa mpaka mwisho wa Septemba, kwa sababu mtu mwenye onyo kwa faili haandikwi kabla ya miezi mitano kupita, hiyo ni sheria ya ushirika. Nyamwange alimtetea mpaka kikohozi kikamshika. Wiki tano na hakuna barua iliyorudishwa, walikubali wote. Lakini onyo ni onyo.

Na onyo hilo nililileta mimi. Hakuna haja ya kusema.

Niliinuka nikavaa viatu vya kanisa. Mzee Hezekiah ananijua, nitamweleza, saa hii atakuwa nyumbani.

"Yeiyo," Chelimo akasema. "Kaa."

Nikamwambia ni dakika kumi tu, nitamkumbusha kwamba kosa ni langu.

"Anajua. Ulishamwambia. Ukienda tena leo, kesho wataandika kwamba kazi hii inafanywa na watu wawili." Hakupaza sauti. "Miezi mitatu nitaingoja mimi. Wewe niachie tu niingoje."

Nimechuma majani na homa. Nimezaa huyu mtoto gari likikwama Kedowa. Sijafanya kitu kigumu kama kurudisha makalio yangu kwa kile kiti.

Alifungua kompyuta yake mezani kuangalia barua za jioni, elfu nne na mia moja za vituo vya lami na kifusi, zilizoanza kutoka saa kumi. Sijawahi kuona zikienda. Nilifikiri kuna kitu cha kuona. Ni namba tu, inapanda kidogo, inangoja, inapanda kidogo. Nilimuuliza zimefika ngapi. Akasema elfu mbili na mia sita. Nilimuuliza kama haiwezi, kwa leo tu, maana giza linaingia, kuongezwa hata kidogo. Aligeuka akaniangalia nami nikasema nimeuliza tu.

Nikavua viatu. Tulikaa bega kwa bega, ishirini, na ishirini, na ishirini. Ya mwisho ilitoka saa moja na dakika ishirini na tano. Nilikuwa bado nimekaa.